Kabla Mto Haujatolewa Idhini

Yeyote aliyepata kufika Kilembwe, makao makuu ya Sekta ya Lulenge katika teritware ya Fizi, ameona kwamba nchi ile imejaliwa milima na mito kwa kadiri ambayo wahandisi wa umeme huitamani, kwa kuwa maji ya upande huo huteremka kuelekea Luama, na Luama huyapeleka Lualaba, ilhali nyumba nyingi za wenyeji, jua likishakuchwa, hutegemea tochi, sola, au jenereta ya mwenye duka. Hali ya namna hiyo haikosi kuvuta macho ya wenye mitaji. Na siku mwekezaji atakapowasili na ramani yake, akiwa na barua iliyopigwa muhuri wa jimbo au wa Kinshasa, wengi watadhani kwamba shauri limekwisha kukatwa na kwamba lililobaki kwao ni kupiga makofi au kununa. Dhana hiyo si sahihi, na makusudi ya makala haya ni kueleza ni wapi, na wakati gani, sheria ya Kongo imemwekea raia wa kawaida nafasi ya kusema.

Zamani nafasi hiyo haikuwako. Kusini ya mpaka wa Fizi, katika jimbo la Tanganyika, uko mtambo wa umeme wa Bendera juu ya mto Kyimbi, uliojengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mji wa Kalemie, ambao wakati huo uliitwa Albertville; na huo ndio mtambo uliopata kutajwa duniani mwezi wa Juni 1965, pale wapiganaji wa maasi ya mashariki, pamoja na Wakuba wa Ernesto Che Guevara, walipoushambulia wakarudishwa nyuma. Vita vimeandikwa sana. Habari ya mwenyeji aliyekuwa akivua au kulima kando ya Kyimbi kabla ya kuta kupanda haikuandikwa, kwa sababu katika shauri kama lile hakuwa na mahali pa kusimama.

Leo mambo ni mengine, walau katika karatasi. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, iliyorekebishwa mwaka 2018, iliondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na kuwaruhusu watu binafsi, mashirika na majimbo kuzalisha na kuuza umeme. Atakaye kuuzia umma umeme wa mto huhitaji mkataba wa konsesyo, na mitambo midogo ya mtu kujitumikia mwenyewe imewekewa masharti mepesi zaidi. Kazi kubwa za taifa na zile zivukazo mipaka ya nchi, kama mitambo ya mto Ruzizi, zimo mikononi mwa serikali kuu. Zile zenye maslahi ya jimbo au ya mahali huwa chini ya jimbo, na kwetu maana yake ni serikali ya jimbo la Kivu Kusini. Juu ya hayo ipo mamlaka ya udhibiti iitwayo ARE, ambayo huchunguza maombi, husimamia bei na hupatanisha magomvi, na upo wakala uitwao ANSER, ambao kazi yake ni umeme wa vijijini.

Lakini mwanakijiji atakayeisoma sheria hiyo peke yake atachoka bure, kwa sababu nafasi yake imeandikwa katika sheria nyingine, ile namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kuhifadhi mazingira. Sheria hiyo humpa kila mtu haki ya kupata habari na ya kushiriki katika maamuzi yahusuyo mazingira yake. Humlazimisha mwenye mradi kufanya utafiti wa athari kwa mazingira na kwa jamii, ambao hupimwa na Wakala wa Mazingira wa Kongo, ACE. Na katika kifungu cha 24 huamuru kwamba mradi wowote uwezao kuathiri mazingira utanguliwe na uchunguzi wa hadhara, ambao makarani wetu huuita ankete. Makusudi ya ankete hiyo ni matatu: kuwaarifu watu, hasa wa mahali penyewe, kujua ni nani wenye haki juu ya eneo litakaloguswa, na haki hizo zimefika wapi, na kukusanya maoni, mashauri na mapendekezo ya kinyume kabla mwenye mamlaka hajakata shauri.

Nataka msomaji atue hapo kwenye mapendekezo ya kinyume, maana wengi hudhani kwamba wameitwa mkutanoni kusema ndiyo au hapana. Hapana tupu ya kijiji kizima haina uzito mkubwa mbele ya mtathmini wa ACE aliyeko mjini. Ila neno lisemalo kwamba mfereji uchukue maji chini ya kivuko badala ya juu yake, au kwamba wakati wa kiangazi kiasi fulani cha maji kiachwe mtoni, hilo mtathmini hana budi kulijibu.

Ili kusema hivyo, sharti mtu afahamu mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Mtambo wa milimani aghalabu hauhitaji ziwa kubwa: hujengwa ukingo mfupi wa kuzuia mto, maji yakaingia katika mfereji upitao ubavuni mwa mlima, kisha yakaporomoka ndani ya bomba hadi kwenye turbini, na baadaye yakarudi mtoni. Nguvu yake hutegemea mambo mawili, wingi wa maji na kimo cha maporomoko. Maji ya meta mbili za ujazo kwa kila sekunde, yakianguka kimo cha meta 30, hutoa kilowati 470 hivi, ikiwa mashine na njia zake hupoteza sehemu moja katika tano. Kwa hesabu hiyo hata mwalimu wa sekondari aweza kupima ahadi ya mwekezaji; na akiambiwa kilowati 2,000 kutoka mto huo huo na kimo hicho hicho, ana haki ya kuuliza nyingine zatoka wapi, na kama mto ulipimwa mwezi wa Aprili au mwezi wa Agosti.

Baina ya ukingo na mahali maji yanaporudi hubaki kipande cha mto kilichopungukiwa, pengine kilometa nzima, na hapo ndipo madhara hukaa. Fikiri kina mama walowekao mihogo kwa siku tatu au nne katika vidimbwi vya kando, ambako maji hayana budi kuwa ya kutosha ili sumu itoke na mihogo ilainike; kidimbwi kikikauka mwezi wa Julai, hawatakwenda kushtaki kwa ARE, watabeba vikapu vyao mbali zaidi. Madhara ya namna hii hayaonekani katika ramani ya mhandisi, wala mwanamume anayesema kwa niaba ya kijiji hayakumbuki sikuzote, na kwa hiyo ankete iliyofanywa barazani mbele ya wazee peke yao ni ankete pungufu, hata kama orodha ya waliohudhuria ni ndefu. Kadhalika Wambuti na Watwa, ambao sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imewapa ulinzi wao mahususi, hawafai kuwakilishwa na jirani.

Tena wapo waosha dhahabu. Katika nchi ya Misisi, Lubichako na Kilembwe mto hubeba mchanga na matope ya machimbo, na mchanga hula mapanga ya turbini kama msasa. Mwekezaji mwenye akili atawahitaji wachimbaji wa juu ya mto kuliko wao wanavyomhitaji yeye, na nashangaa kuona kwamba katika mabishano ya namna hii wao huhesabiwa kuwa kikwazo cha kuondolewa, kumbe wangeweza kuketi na kuafikiana naye ni wapi pa kuoshea na wapi pa kutuliza matope.

Kuna jambo la nyaraka pia. Huko Uganda, bwawa la Bujagali katika mto Nile lilipogombaniwa, wanaharakati walikwenda mahakamani kutaka mkataba wa kuuziana umeme uonyeshwe, na mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Kampala ikatamka kwamba mkataba huo ni hati ya umma. Malalamiko mengine yalikuwa yamekwisha kufikishwa mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Bwawa lilijengwa hata hivyo, likaanza kazi mwaka 2012 likiwa na megawati 250, lakini bei ya umeme haikuwa tena siri ya watu wachache. Na huko Marekani, ambako leseni za mabwawa ya watu binafsi hutolewa na tume ya serikali ya shirikisho kwa muda usiozidi miaka 50, na raia aweza kujiandikisha kuwa mhusika wa kesi na kukata rufani, bwawa la Edwards katika mto Kennebec, jimbo la Maine, lilinyimwa leseni mpya mwaka 1997 likabomolewa mwaka 1999, kwa kuwa wapenda samaki walileta hesabu pamoja na malalamiko yao. Muda wa leseni basi si jambo dogo: auonaye ukiandikwa bila ya nafasi ya kuupitia upya na aseme papo hapo.

Kwa upande wa ardhi, kifungu cha 34 cha Katiba huagiza fidia ya haki itangulie kabla ya mali kuchukuliwa. Shamba na lipimwe, na miti ihesabiwe, mwenyewe akiwapo, maana hesabu iliyofanywa nyuma yake ni shida kuitengua.

Yote haya na yaandikwe. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa kifungu cha kwanza cha Katiba, basi kijiji kina haki ya kudai muhtasari wa utafiti kwa lugha kinayoifahamu, na kuandika majibu yake kwa lugha hiyo, hata kama karani ataongeza tafsiri ya Kifaransa. Barua itengenezwe nakala tatu: moja kwa shefu wa sekta Kilembwe, moja kwa mwenye kuendesha ankete, na ya tatu irudi kijijini ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ikiwa ankete imepita bila ya watu kujulishwa, kifungu cha 27 cha Katiba hiyo hiyo humruhusu kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, kupeleka ombi kwa mwenye mamlaka, naye amewajibishwa kujibu katika miezi mitatu. Ombi hilo nalo na lipigwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa, ili ijulikane miezi hiyo ihesabiwe tangu lini.