Sura ya Nne: Waya Unaoufunga Huwa Sehemu ya Redio

Fungua redio ndogo ya betri, iweke mawimbi ya kati, tafuta kituo kilichoko karibu na kilohezi 900, kisha gusa kapasita ya kuchagulia vituo kwa ncha ya osiloskopu. Kituo kinatoweka. Ondoa ncha, kinarudi. Mwanafunzi atakwambia kapasita imelegea. Haijalegea. Ndani ya redio hiyo kuna saketi inayozalisha wimbi lake yenyewe, kilohezi 455 juu ya kituo unachosikiliza, yaani hapa 1355. Namba hiyo inaamuliwa na koili pamoja na kapasita ndogo sana. Ncha ya osiloskopu ikiwa kwenye X1, pamoja na waya wake, inaongeza kama pikofaradi 100. Ukiihamishia X10 mzigo unashuka hadi 10 au 15, na bado kituo kitasogea.

Mimi saketi hiyo siigusi. Naleta redio nyingine nzima, naiweka kando ya mbovu na kuitega 1355. Nikizungusha kitufe cha vituo cha ile mbovu taratibu, redio nzima ikapiga mluzi, au ule mvumo wake wa hewa ukakatika ghafla, najua saketi iko hai. Kipimo hicho hakigharimu hata senti.

Chochote unachokifunga kwenye saketi kinaingia katika hesabu zake. Mita nayo imo. Chukua rezista mbili za kilo-omu 100, zifunge kwa mfululizo kwenye volti 6, upime katikati. Hesabu inasema volti 3. Mita ya kidijitali yenye mega-omu 10 ndani yake itakuonyesha karibu 3 kamili. Mita ya mshale ya kilo-omu 20 kwa kila volti, ukiiweka kwenye safu ya volti 10, itakuonyesha 2.4. Haijaharibika; imejibandika ubavuni mwa rezista ya chini na kunywa sehemu ya umeme wake. Michoro mingi ya redio za zamani ina volti zilizopimwa kwa mita ya mshale, kwa hiyo usishtuke mita yako mpya ikisoma juu kidogo ya kilichoandikwa.

Volti hupimwa kwa kuweka mita sambamba na kitu. Ampea hupimwa kwa kukata njia ili umeme wote upite ndani ya mita, na hapa wengi huanza kufungua solda bila sababu. Kata kipande cha kadi ya vocha ya simu, kipenyeze kati ya betri na springi yake. Ncha moja ya mita iguse betri, nyingine springi. Redio ndogo nzima, sauti ikiwa chini kabisa, aghalabu hunywa miliampea chache, pengine hadi 30. Ukiona 200, achana na mambo ya vituo. Tafuta kwanza kilichoungana.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Siku moja nilipima ampea, nikaenda kunywa chai, nikarudi na kuchomeka ncha kwenye soketi ya ukutani nione volti ngapi zinakuja. Waya ulikuwa bado kwenye tundu la ampea 10. Kwenye mita nyingi za bei nafuu tundu hilo halina fyuzi. Ncha moja iliyeyuka, nyumba nzima ikaingia giza, na chai yenyewe ilikuwa haijapoa.

Redio ya umeme wa ukutani ina utaratibu wake. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, pitisha laivu kwenye balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwa mfululizo na redio. Ya LED haifai. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu zote na isishuke, ndani kumeungana, ila balbu ya wati 100 haitaruhusu hata nusu ampea kupita, kwa hiyo transfoma yako imesalimika. Mwili wako ni habari nyingine: balbu haiulindi hata kidogo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kile kibanio cheusi cha osiloskopu. Watu hukifikiria kama waya hasi wa mita, wakidhani kinaweza kubanwa popote. Kimeungana na ethi ya jengo kupitia pini ya tatu ya plagi. Baadhi ya redio za vali hazina transfoma, na chesisi yake yaweza kuwa imeshika laivu. Ukibana hapo, umeiunganisha laivu na ethi kwa waya mwembamba ulioko mkononi mwako. Wapo mafundi wanaokata pini ya ethi ya osiloskopu. Wanachopata ni osiloskopu ambayo boksi lake lote lina volti 230. Inayopaswa kutenganishwa na ukuta ni redio, kwa transfoma ya kutenganisha, volti 230 kuingia na 230 kutoka.

Jenereta ya mawimbi nayo usiifunge kavukavu, kwani huenda ikavuruga volti za transista. Weka kapasita ya maikrofaradi 0.1 njiani. Anza nyuma: sauti kwenye voliamu, kisha kilohezi 455 hatua kwa hatua kuelekea mbele. Ukifika kwenye antena, ondoa kapasita na usiguse kitu. Zungusha waya mara tatu uwe duara, funga miisho yake kwenye jenereta, uweke kama sentimita 30 kutoka kwenye kile kijiti cheusi cha feraiti. Punguza nguvu mpaka mlio usikike kwa shida. Ukiuacha mkubwa, redio itaupunguza yenyewe, nawe utazungusha skrubu za koili bila kusikia tofauti.