Afrika Kusini: Mpango si matumizi

Nelson Mandela alipoapishwa kuwa rais wa Afrika Kusini tarehe 10 Mei 1994, chama chake cha ANC kiliingia madarakani kikiwa na mpango wa uchumi mkononi. Waliotarajiwa kuutekeleza, hata hivyo, wengi wao walikuwa watumishi wale wale wa serikali ya ubaguzi wa rangi.

Hayo yalikuwa matokeo ya makubaliano. Mwaka 1992 Joe Slovo, mmoja wa viongozi wa Chama cha Kikomunisti, alipendekeza watumishi hao wahakikishiwe ajira, wasije wakaukwamisha mpito. Katiba ya muda ya 1993 ikawapa kinga hiyo.

Ofisi isiyo na meno

Mpango wenyewe, uliojulikana kama RDP, uliahidi nyumba milioni 1 katika miaka 5. Ulikabidhiwa Jay Naidoo, waziri katika ofisi ya rais. Kazi yake ilikuwa kuratibu, ilhali wataalamu na bajeti vilibaki mikononi mwa wizara. Mwaka 1996 ofisi hiyo ilifungwa.

Juni mwaka huo Waziri wa Fedha, Trevor Manuel, alitangaza mkakati mpya, GEAR, uliosisitiza kubana matumizi. Vyama vya wafanyakazi viliupinga vikali. Maria Ramos akawa mkurugenzi mkuu wa wizara hiyo, cheo kinacholingana na katibu mkuu wa wizara nchini Tanzania au Kenya.

Hazina ikapata nguvu. Bajeti zilianza kupangwa kwa miaka 3, na sheria ya 1999 ikawafanya wakuu wa idara wawajibike wenyewe kwa fedha za umma. Nakisi ya bajeti ilipungua, lakini ajira 400,000 kwa mwaka zilizoahidiwa hazikupatikana.

Nani humteua mtendaji?

Kinga ya watumishi wa zamani ilipokwisha, lilizuka swali jingine: je, mtendaji ateuliwe kwa ujuzi au kwa utiifu kwa chama? Mwaka 2022 tume ya Jaji Raymond Zondo, iliyochunguza ufisadi, ilikosoa vikali desturi ya ANC ya kupendekeza makada kushika nyadhifa serikalini.

Mpango wa taifa wa 2012, unaoishia 2030, nao ulitaka utumishi wa umma ulindwe dhidi ya siasa. Ukosefu wa ajira ungali juu ya asilimia 30. Wahenga walisema mpango si matumizi. Katika demokrasia changa, tofauti ya mawili hayo mara nyingi huamuliwa na mtendaji anayeweza kumwambia waziri "hapana" na bado akabaki kazini.