Amejilaza, Kazi Inaendelea

Kitendawili! Itikieni, wajukuu zangu: tega. Amejilaza tangu adhuhuri, jembe hajaligusa, na bado kachoka kuliko aliyelima.

Najua mmoja wenu ameshasema ni mvivu. Amekosa. Nipeni mji. Mmenipa Bagamoyo? Haya, nimekwenda, nimekula samaki wa kupaka, nimerudi. Jibu ni mama mjamzito.

Mnabisha? Basi tazameni lori la mananasi linaposimama hapa Kiwangwa, kando ya barabara ya kwenda Msata, likisubiri mzigo. Dereva akiacha injini inawaka, mafuta yanapungua ingawa gurudumu halijazunguka hata mara moja. Mwili nao ndivyo ulivyo. Ukilala tuli, moyo unasukuma damu, mapafu yanavuta hewa, ini na ubongo havilali. Mwanamke wa miaka 25 mwenye kilo 55 hutumia kama kilokalori 1,300 kwa siku kwa kazi hizo tu, kabla hajainua ndoo wala mwiko.

Mtauliza, nani aliyaona hayo yakitumika? Wataalamu humlaza mtu asubuhi, yu macho lakini hajala, wakapima oksijeni anayoivuta na hewa chafu anayoitoa. Chakula huungua mwilini kwa oksijeni, kwa hiyo ukijua imetumika kiasi gani, umejua na nishati iliyotumika.

Sasa mimba ikiingia, mambo hubadilika. Damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Moyo husukuma damu zaidi kwa karibu asilimia 40. Figo huchuja zaidi, pumzi huwa nzito zaidi, kondo la nyuma linajengwa, na mtoto mwenyewe anadai haki yake. Kwa mama aliyeshiba vizuri, matumizi ya mwili uliopumzika hupanda kidogo miezi mitatu ya kwanza, kama asilimia 5. Miezi mitatu ya katikati hufika kama 10, na ya mwisho hukaribia 25. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walipiga hesabu wakaona mimba ya binadamu hugharimu kama kilokalori 50,000. Asilimia 4 tu hivi ndiyo inayobaki katika mwili wa mtoto. Nyingine yote ni gharama ya kumbeba na kumlea tumboni.

Hapo ndipo watu husema, "Kula, mko wawili!" Ni kweli wako wawili, ila yule wa pili hali sahani nzima. Hesabu ya wataalamu wa chakula wa Umoja wa Mataifa ni nyongeza ya kilokalori 475 hivi kwa siku katika miezi mitatu ya mwisho. Hiyo ni kama vipande kadhaa vya muhogo wa kuchemsha, gramu 300 hivi. Mkitaka kuipata kwa mananasi yetu peke yake, mama atalazimika kula karibu kilo nzima ya nyama ya nanasi kila siku! Tamu lakini maji mengi. Nanasi liwe kando ya maharage, dagaa, mayai na mchicha.

Na je, nyumba ikiwa haina hiyo nyongeza? Sikilizeni ya Keneba, kijiji cha Gambia, kule Afrika Magharibi. Miaka ya 1980 watafiti waliwapima wajawazito wa huko, wakulima kama sisi, ambao kabla ya mavuno ghala huwa tupu na kazi ya shamba ndiyo imepamba moto. Walitarajia matumizi yapande. Kwa akina mama wengi yalishuka kwanza, yakawa chini kuliko kabla ya mimba, na yakachelewa sana kupanda. Mwili uliona chakula ni haba, ukabana matumizi yake wenyewe ili mtoto apate.

Msiseme basi, kumbe mama anaweza kuvumilia. Kubana kuna mwisho. Watoto waliozaliwa majira ya njaa walikuwa wepesi zaidi. Baadaye wajawazito wa Gambia walipopewa kila siku biskuti za karanga, watoto wa majira hayo walizaliwa na uzito zaidi kwa wastani wa gramu 200 hivi. Mwili ulifidia pengo kadiri ulivyoweza. Lililobaki lilizibwa na chakula.

Huku pwani kuna mwizi mwingine wa nishati, naye ni malaria. Joto la mwili likipanda nyuzi moja, matumizi ya mwili hupanda kwa kama asilimia 10, na kwa mjamzito homa hiyo ni hatari kubwa. Ndiyo maana kliniki humpa chandarua na dawa za kumkinga, pamoja na vidonge vya kuongeza damu, wakampima uzito na kuuandika kwenye kadi.

Nanyi mna kazi yenu. Mbu wakianza kuvuma, mshushieni mama chandarua. Ndoo ya maji ibebeni nyinyi. Ugali ukipakuliwa, msimwachie ukoko, na kipande cha samaki kiende kwake kabla hamjagawana kilichobaki. Akijilaza mchana, mwacheni alale. Akiamka, mwulizeni kama amekula.