Mawe ya Tochi: Jinsi Yanavyofanya Kazi na Hatari Zake Yakiisha

Karibu kila boma katika kaunti yetu lina betri kavu, ambazo wengi tunaziita mawe. Ziko kwenye tochi, redio, saa ya ukutani, remoti ya televisheni na vitu vya watoto vya kuchezea. Zikiisha nguvu, nyingi huishia shambani, chooni au mikononi mwa watoto. Ni vyema kila mkazi ajue kilicho ndani yake.

Jiwe la kawaida la tochi ni kopo dogo la madini ya zinki. Katikati pana kijiti cha kaboni kilichozungukwa na unga mweusi wa manganizi. Kati ya unga huo na kopo kuna uji mzito wenye chumvi. Betri huitwa kavu kwa sababu uji huo haumwagiki kama maji.

Unapowasha tochi, kemikali huanza kuila zinki polepole. Umeme unaotokana na hali hiyo hupita kwenye balbu na kuiwasha. Kila jiwe hutoa takriban volti 1.5, na mawili yakifuatana hutoa volti 3. Ukigeuza moja, tochi haiwaki.

Wengi wetu huanika mawe juani ili yapate nguvu. Joto huzichangamsha kemikali kwa muda mfupi tu, kwani zinki iliyokwisha kuliwa hairudi. Baadaye kopo hutoboka, majimaji huvuja na redio huharibika. Toa mawe yaliyoisha mapema, na usichanganye mapya na ya zamani. Usichaji betri ambayo haikuandikwa kuwa ni ya kuchajiwa.

Usitupe betri motoni, kwani inaweza kupasuka. Watoto pia wasipasue mawe ili kutoa unga wa kupaka ubao mweusi. Vumbi la manganizi likivutwa hudhuru mapafu na, kwa muda mrefu, neva.

Hatari kubwa zaidi ni betri ndogo bapa, mfano wa kifungo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuchoma nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata kama inaonekana imeisha. Usimtapishe na usingoje dalili. Mkimbize hospitalini mara moja na ueleze amemeza nini.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka kila mkazi kutenganisha taka. Weka betri zilizoisha kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na watoto, na usizichanganye na taka za jikoni wala mbolea ya shambani. Ikijaa, muulize msimamizi wa wadi yako mahali pa kuipeleka. Kuanzia leo, kagua remoti na vitu vya kuchezea nyumbani: kifuniko cha betri kilicholegea kifungwe kwa skrubu au utepe wa gundi.