Kidonge cha Asubuhi ya Kesi

"Daktari, Jumatatu nina kesi na benki na sina wakili. Nimeze nini nisitetemeke?" Swali hili naulizwa Kilwa Kivinje, naulizwa Kilwa Masoko, na bei ya ufuta ikianguka, mikopo isilipike, ndipo linapozidi. Swali lenyewe ni bovu. Na anayeliuliza mara nyingi ana jibu lake mfukoni: vidonge viwili vya Valium alivyopewa na shemeji, au alivyouziwa dukani bila cheti. Anachotaka kwangu ni baraka tu.

Sitoi.

Diazepam, ambayo tangu iingie sokoni mwaka 1963 watu wameizoea kwa jina hilo la Valium, haichagui hofu ikaacha mengine. Inapooza ubongo mzima: unaoogopa, unaopima maneno na unaokumbuka. Fikiria uko kizimbani, wakili wa benki anakudodosa. Anakuonyesha mkataba: sahihi hii ni yako? Ndiyo. Anageuza karatasi: na hii? Ndiyo. Kumbe ya pili ni nyongeza ya mkopo usiyowahi kuiona maishani. Mtu mwenye woga wake kamili angeomba aisome kwanza. Wewe umetulia, umekubali, na hakimu ameandika. Jioni mkeo akikuuliza ulisema nini mahakamani, huenda usikumbuke, kwa sababu dawa hii huzuia ubongo kuweka kumbukumbu mpya. Huo ndio utulivu ulioununua.

Tena haiishi asubuhi ileile. Hukaa mwilini kwa siku kadhaa, na mzee anaweza kuanguka akielekea msalani usiku. Ukiichanganya na Konyagi, unaweza kuishiwa pumzi usingizini. Ukiimeza kila siku kwa wiki kadhaa, mwili unaizoea, na siku unayoikata ghafla hofu inarudi kali kuliko ya mwanzo, wengine hadi kukakamaa na kutupatupa viungo kama wenye kifafa. Kesi ya benki huweza kuchukua mwaka na zaidi. Hesabu mwenyewe.

"Basi nipe ile ya mapigo ya moyo." Propranolol? Mwenye pumu inaweza kumbana kifua hadi hatari. Mwenye kisukari anayetumia dawa inaweza kumficha dalili za sukari kushuka. Kwa wengine itatuliza mikono kweli, lakini haitakusomea mkataba. Dawa hizi zina wagonjwa wake, na daktari aliyekupima ndiye mwenye kuamua kama wewe ni mmoja wao.

Wengine hukimbilia kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya. Kombe sina ugomvi nalo. Kombe halifuti kumbukumbu. Ugomvi wangu ni na mganga anayekwambia usipokee samansi ili kesi ife. Haifi. Mahakama inaweza kuamuru samansi ibandikwe mlangoni pako au itangazwe gazetini, kesi ikaendelea bila wewe, na ukapata hukumu ya upande mmoja.

Sasa mtetemeko wenyewe. Ni adrenalini. Inapanda, inafika kileleni, kisha inashuka, mradi usikimbie. Hakimu hapimi sauti yako, anapima ushahidi. Risiti ya marejesho iliyotolewa kwa mkono unaotetemeka ina uzito uleule. Hofu inayokuvunja kweli ni ya bahasha iliyolala kabatini bila kufunguliwa. Kila siku unayoikwepa unaufundisha mwili kwamba ndani mna simba. Tiba yake ni kuifungua, ukiwa na mtu unayemwamini, ukaandika tarehe zilizomo.

Haya, ya kufanya, haraka haraka. Kwa kesi ya kawaida ya madai, hesabu siku 21 tangu ulipopokea samansi. Ndani yake utetezi wa maandishi uwe umefika mahakamani. Kama samansi inasema uombe kwanza kibali cha kujitetea, anza na kibali, vinginevyo madai ya benki yatahesabiwa kuwa umeyakubali. Kama benki inataka kuuza nyumba au shamba uliloweka rehani, angalia kama ilikupa notisi ya siku 60, na kama ni nyumba ya familia, kama mwenzi wako aliridhia. Muulize karani iwapo siku yako ni ya kutajwa au ya kusikilizwa. Kutajwa huisha kwa dakika chache, na watu wanakesha wiki nzima kwa ajili yake. Sheria ya mwaka 2021 imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo usilolielewa omba lielezwe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria; waulizie halmashauri. Hawatasimama mahakamani kwa niaba yako, lakini watakusaidia kupanga karatasi. Zipange kwa tarehe, uandike hoja tatu kwenye karatasi moja. Nenda siku moja kabla ukakae ukumbini usikilize kesi za wengine. Kesi ikiwa Mahakama Kuu Mtwara, lala hukohuko. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, tuliona jinsi barabara ya kusini inavyoweza kukatika. Asubuhi kula. Ukiitwa, toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoivuta, mara tano, ndipo useme. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui.

Usingizi ukikukimbia wiki mbili, au ukianza kuwaza kwamba afadhali ufe deni liishe, usisubiri tarehe ya kesi. Nenda hospitali, iwe Kinyonga hapa Kilwa au Sokoine kule Lindi, siku hiyohiyo, ukiwa na ndugu, useme hivyohivyo bila kuzunguka. Cheti cha hospitali kipeleke mahakamani uombe tarehe nyingine. Kesi huahirishwa.