Faibroidi siyo kurogwa, na siyo adhabu ya kutoa mimba

Wadau, leo tuongee jambo ambalo mitaani linasemwa kwa kunong'ona. Dada yangu alikuwa anatokwa damu nyingi kila mwezi mpaka anaishiwa nguvu. Wengine wakasema karogwa, wengine eti alitoa mimba. Kupigwa ultrasaundi, kumbe ni faibroidi, yaani uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Nikaamua nisome.

Kwanza, uvimbe huu si kansa. Ni misuli ya mfuko wa uzazi iliyokua kupita kiasi. Na wenye nao ni kibao: utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wakifika miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya wazungu wanakuwa nao, wengi bila kujua.

Unakuzwa na homoni mbili, estrojeni na projesteroni. Homoni ni kama ufunguo, na kwenye seli kuna kitasa chake, kinaitwa kipokezi. Bila kitasa, ufunguo haufungui kitu. Mwanamke akikoma hedhi homoni zinashuka, na uvimbe mara nyingi unasinyaa.

Vitasa hivyo vinatengenezwa kwa maelekezo ya jeni: ESR1 kwa estrojeni, PGR kwa projesteroni. Binadamu tunatofautiana kidogo kwenye jeni hizo, na wanasayansi walidhani siri iko hapo. Wamepima nchi mbalimbali, majibu yakagongana: kwingine tofauti hizo zinaonekana kuongeza hatari, kwingine wapi! Kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo cha jeni hizo ili akutabirie faibroidi, shika hela yako.

Mwaka 2011 watafiti wa Finland wakaja na kubwa zaidi. Kwenye takribani asilimia 70 ya uvimbe waliopima, walikuta hitilafu katika jeni nyingine, MED12. Hitilafu hiyo kwa kawaida hairithiwi, inazuka yenyewe ndani ya mfuko wa uzazi. Sasa hapo utamlaumu nani?

Ila ukoo nao una mchango wake. Kama mama au dada yako anao, uwezekano wako ni mkubwa zaidi. Kina dada, damu ikizidi msivumilie kimyakimya, nendeni mkapime uvimbe na wingi wa damu mwilini. Na sisi kina kaka, jamani, tuache kuwasema.

Aliyeyapitia atupe uzoefu wake hapo chini.