Nyavu za Kware Katika Pwani ya Misri

Kila mwaka, toka mwishoni mwa Agosti hata Oktoba, wakati mashamba ya Ulaya yamekwisha kuvunwa na baridi imeanza kuingia, ndege mmoja mdogo huondoka huko kuelekea kusini. Ndiye kware, yule ambaye vitabu vitakatifu vyasimulia kuwa aliletwa kuwalisha Wana wa Israeli jangwani. Wasomaji wetu Waislamu wamjua kwa jina la Salwa. Uzito wake ni gramu 100 hivi, umbo lake ni la kuku, na amtazamaye hawezi kudhani kwamba ataruka mbali. Lakini jua likitua huondoka katika pwani za Uturuki na Ugiriki, akavuka bahari usiku kucha, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na kunapopambazuka hutua katika mchanga wa Misri akiwa hana nguvu tena.

Hapo ndipo anapokutana na wavu. Umesimamishwa juu ya miti, mrefu kupita kimo cha mtu, nao umefumwa kwa ufundi: wavu wa matundu madogo umening'inizwa kwa kulegea kati ya nyavu za matundu makubwa, hata ndege akijipiga humo hujifanyia mfuko mwenyewe asiweze kutoka. Mwaka 2013 ilielezwa katika magazeti ya Ulaya kwamba nyavu hizo zilitanda karibu kilomita 700 za pwani ile, baina ya mpaka wa Libya na Gaza. Huo ni mwendo unaozidi barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Arusha.

Kuna watu ambao, wakisikia habari hii, huwa wepesi kumlaumu mvuvi wa Misri na kumwita katili. Sisi hatumo katika kundi hilo. Wamisri wamewanasa kware tangu zamani za Mafarao, na picha za kazi hiyo zimechorwa katika makaburi ya Saqqara. Mvuvi au Mbedui wa pwani ile hupata katika miezi hii michache fedha ambazo bahari na mbuzi hazimpi. Mtu wa namna hiyo twamfahamu, maana hata kwetu yupo.

Wala si yeye aliyeanza kuwauza ndege hawa kwa mamilioni. Mwishoni mwa karne ya 19 meli zilipakia kware wazima katika bandari ya Alexandria, wakapelekwa Marseille na London kwa meza za matajiri. Biashara hiyo iliendelea hata karne ya 20, na kufikia miaka ya 1930 ndege waliopatikana walikuwa wamepungua mno. Na huko Italia, katika kisiwa cha Capri, palikuwa na askofu aliyeitwa na watu Askofu wa Kware, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato yake ilitokana na ndege hao walionaswa kisiwani. Hatukusikia kwamba waliokula katika meza hizo waliwahi kuitwa wakatili.

Pamoja na hayo, hatuwezi kusema kwamba mambo yaendelee yalivyo. Kware huzaa upesi; jike hutaga mayai kiasi cha 8 hadi 13, na makinda huweza kuzaa kabla hawajatimiza mwaka. Ndege wa namna hiyo aweza kuvumilia kuwindwa, ila hawezi kuvumilia ukuta usio na mlango. Tena wavu hauchagui. Humo hunaswa pia ndege mwingine wa majani marefu, ambaye wataalamu humwita Crex crex. Huyu hakusudiwi na mtegaji, lakini hufa kwa maelfu, naye alikuwa njiani kuja kukaa katika mbuga za Afrika ya Mashariki hata baridi ya kwao ipite. Kwa makadirio yaliyotolewa na BirdLife International mwaka 2015, ndege wapatao milioni 25 huuawa kila mwaka kinyume cha sheria katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, na zaidi ya milioni 5 kati yao huuawa Misri.

Basi ni ndege wa nani? Ametagwa Urusi au Polandi, amenenepa kwa nafaka za Uturuki, ananaswa Misri, na alikuwa akingojewa kusini ya Sahara. Mkataba wa Bonn wa mwaka 1979 umemtia kware katika orodha ya wanyama wahamao ambao nchi zapasa kupatana juu yao. Misri imo katika mkataba huo. Kenya na Tanzania zimo pia. Kwa hiyo tunayo haki ya kusema, nasi twasema kama jirani aliye katika njia moja.

Neno letu la kwanza ni kwamba nyavu ziachiwe nafasi baina yake, na zisogezwe mbali na mstari wa maji, ili ndege aliyechoka apate mahali pa kutua. Mvuvi atapungukiwa, serikali ikitaka atii, imsaidie katika miezi hiyo, hasa ikiwa wawindaji wenye bunduki za thamani wanaotoka ng'ambo wanaendelea kupewa vibali.

La pili ni juu ya vyombo vya kutoa sauti. Huko Nyanza na Magharibi ya Kenya wazee walizoea kutundika vikapu vyenye kware waitao juu ya mti mrefu, na chini wakatega vitanzi. Kware yule alichoka, alilala, na alihitaji kulishwa. Mzee mmoja hakuweza kuwa na wengi. Chombo cha siku hizi huita usiku mzima bila kupumua, nacho huuzwa kwa bei ndogo. Hivi ndivyo vya kukamatwa kwanza, kabla ya wavu wa mtu yeyote. Na afisa anayevitafuta hana haja ya taa, maana usiku husikika kutoka mbali.